Benki ya Taka Mtaani: Namna ya Kuwafunza Majirani Kuiendesha

Leo tutaongea juu ya taka. Najua kuna anayejiuliza, muuguzi na taka wapi na wapi? Kaa karibu, na kama una kalamu iweke tayari, kwa maana kuna hesabu kidogo mbele.

Tuanze nyumbani. Jioni ukimaliza kupika, unabaki na maganda ya viazi, majani ya sukuma wiki, chupa mbili tatu za soda, kopo la mafuta, pampasi ya mtoto na pengine betri za redio zilizokufa. Vyote vinaingia katika mfuko mmoja. Mfuko unatupwa kwenye mtaro au unachomwa nyuma ya nyumba. Ukitupwa kwenye mtaro, mtaro unaziba, mvua ikinyesha maji machafu yanarudi mlangoni pako na kinyesi cha vyoo vya jirani. Hapo ndipo kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu hupata njia. Kenya ilipambana na kipindupindu katika kaunti nyingi mwaka 2015, kikarudi tena mwishoni mwa 2022 na kuendelea 2023. Na ukiuchoma, moshi wa plastiki una sumu ambazo hazionekani kwa macho. Mtoto mchanga anavuta pumzi kwa kasi kuliko wewe, na mapafu yake ni madogo. Mama anayechoma nailoni huku amembeba mtoto mgongoni anampa mtoto huyo moshi mwingi kuliko anavyofikiri.

Taka za mji wetu kwa miaka mingi zimepelekwa Gioto, pale kwenye mteremko wa Menengai. Wengi mnapajua. Zile zisizofika Gioto huteremka na maji ya mvua, na hapa Nakuru mteremko wote unaelekea upande mmoja, ziwani. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kinachoingia humo kinabaki humo. Ndiyo ziwa hilo hilo ambalo mwaka 1990 liliandikishwa kuwa la kwanza nchini Kenya katika orodha ya Ramsar, ile ya maeneo ya maji yenye thamani kwa dunia nzima. Tangu Juni 2020 hairuhusiwi kuingia na chupa ya plastiki ya kutumia mara moja katika mbuga za taifa, na mbuga ya Ziwa Nakuru ni mojawapo. Sheria hiyo ni nzuri, lakini mlinzi wa langoni hawezi kuizuia chupa inayoingia kwa mtaro.

Sasa, benki ya taka ni nini? Ni kituo kidogo cha mtaa kinachoendeshwa na wakaaji wenyewe. Unaleta taka ulizozitenga nyumbani, zinapimwa kwa mizani, uzito unaandikwa katika kitabu chako cha akiba, na kituo kinauza kwa mnunuzi wa jumla. Fedha zako zinakaa kwenye hesabu yako mpaka utakapozihitaji, kwa mfano Januari shule zinapofunguliwa. Yule aliyezoea chama cha akina mama ataelewa upesi, kwa sababu ni chama tu, ila badala ya kuleta shilingi mia unaleta gunia la chupa.

Mpango huu ulianza kujulikana mwaka 2008 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bantul, karibu na mji wa Yogyakarta huko Indonesia. Aliyeuanzisha, Bambang Suwerda, alikuwa mwalimu wa afya ya mazingira. Nafurahi kulitaja hilo, kwa maana wengine hudhani mambo haya ni ya wafanya biashara peke yao. Kutoka kijiji kile mabenki ya taka yameenea nchi ile yote kwa maelfu. Na sisi hapa hatuanzi kutoka sufuri. Nakuru ilikuwa na chama cha ushirika cha wakusanyaji na watengenezaji wa taka, NAWACOM, kilichopata msaada wa shirika la Practical Action na kikajulikana kwa kugeuza taka za jikoni na sokoni kuwa mbolea ya mboji ya kuuzia wakulima. Kule Lamu, mwaka 2018, mafundi wa mashua walizindua jahazi la Flipflopi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa fuoni na mitaani, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar.

Vikundi vya namna hii vingi hufa kwa ukosefu wa mafunzo, mara nyingi si kwa ukosefu wa taka. Mtu anapewa mizani na fulana yenye maandishi, anapigwa picha, basi. Miezi mitatu baadaye uwanja umejaa panya, kitabu hakieleweki, na mama aliyeleta magunia kumi hajaona hata shilingi. Mama huyo hatarudi, na atawaambia wenzake wote kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo mafunzo ndiyo tutakayoyakalia leo.

Mfunze watu uwanjani, si darasani. Chagua watu wasiopungua 10, kwa sababu chini ya sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya mwaka 2022 hiyo ndiyo idadi ya chini ya kuandikisha kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Wape kazi nne na kila kazi iwe na mtu na msaidizi wake: mpokeaji, mpimaji, mwandishi na mweka hazina. Mpimaji asiwe ndiye mwandishi. Hili nalisisitiza. Mtu mmoja akipima na kuandika peke yake, hata akiwa mwaminifu kama nini, siku moja atashukiwa, na shuko hilo litavunja kikundi. Mpimaji asome uzito kwa sauti, mwenye mzigo ausikie, mwandishi aurudie kwa sauti, kisha auandike mara mbili: katika kitabu cha mwenye mzigo na katika daftari kubwa la benki. Nyanya asiyejua kusoma apewe kitabu chenye alama yake, mchoro wa kuku au wa chungu, na mjukuu amsomee nyumbani tarakimu.

Mizani nayo ichunguzwe kila asubuhi kabla ya kazi. Weka juu yake pakiti ya unga ya kilo 2 ambayo haijafunguliwa. Ikisoma 2, endelea. Ikisoma vingine, funga duka siku hiyo. Fahamu pia kwamba mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo na mizani. Usinunue ile ya bei nafuu ya jikoni ukafikiri itatosha.

Tufanye hesabu niliyoahidi. Mama Wanjiku, tuseme, ameleta gunia la chupa za plastiki. Mizani inasoma kilo 4 na nusu. Gunia tupu lina uzito wa nusu kilo, basi chupa ni kilo 4. Tuchukue kwa mfano kwamba mnunuzi analipa shilingi 15 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 60. Kikundi kimekubaliana kubakisha 15 katika kila 100 kwa ajili ya kodi, magunia na usafiri, yaani shilingi 9. Mama anaandikiwa 51. Mfunze kila mwanakikundi kufanya hesabu hii kwa mkono, bila simu, mpaka aweze kumweleza jirani aliyekasirika.

Je, umeona ni kidogo? Ni kidogo kweli. Kilo moja ya chupa za nusu lita ni kama chupa 50, kwa hiyo kilo 4 ni karibu chupa 200. Usimwahidi mtu utajiri. Ukiwaahidi wanawake mtaji wa duka kwa chupa za soda, unawadanganya, na watakapogundua, wataacha hata yale mazuri ya usafi. Mwambie ukweli: faida ya kwanza ni mtaro usioziba, na ya pili ni daftari na kalamu za mtoto.

Kuna mtego mmoja katika bei ambao haufunzwi mara nyingi. Bei ya plastiki hupanda na kushuka. Ukimwandikia mtu shilingi leo kwa bei ya leo, kisha ukakaa na mzigo miezi miwili bei ikashuka, benki ina deni isiloweza kulipa. Kwa kikundi kipya, ushauri wangu ni huu: andikeni kilo kwanza. Shilingi ziandikwe baada ya mnunuzi kulipa, na kuuza kufanyike kila mwezi bila kungoja bei nzuri. Risiti ya mnunuzi ibandikwe ukutani ambapo kila mtu ataiona. Fedha zikae benki kwa sahihi za watu watatu, au katika simu ya kikundi ambayo namba yake ya siri haijulikani na mtu mmoja. Na mwisho wa kila mwezi daftari kubwa lijumlishwe mbele ya watu, lilingane na vitabu vya watu.

Mpokeaji ndiye mlinzi wa afya ya kikundi, kwa hiyo mfunze kwa muda mrefu kuliko wengine. Yeye ndiye anayesema hiki ndiyo, hiki hapana. Anzeni na vitu viwili au vitatu tu: chupa safi za plastiki, mitungi na vikopo vya plastiki ngumu, na makatoni makavu. Chupa ziwe tupu, zimesuuzwa, kifuniko kimeondolewa, zimekanyagwa. Zimwageni chini mbele ya mwenyewe kabla ya kupima, kwa maana wako watu watakaotia mchanga, na katoni lililoloweshwa maji lina uzito wa ajabu. Msione haya kumrudisha mtu kwa upole.

Vyuma kuukuu msivipokee mwanzoni. Biashara hiyo inahitaji leseni chini ya sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015, na mkipokea kifuniko cha mtaro wa maji machafu au mita ya maji iliyoibwa mtajikuta kituo cha polisi. Betri za magari ndizo mbaya zaidi. Risasi iliyomo ndani yake hudhuru ubongo wa mtoto, na haiponi. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu hiyo katika hewa na udongo wa mtaa mzima, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo mtu yeyote asivunje betri wala kuchoma nyaya uwanjani penu ili apate shaba.

Wasikilizaji wa Njoro, Molo, Mau Narok na Subukia, hapa nawasemesha ninyi hasa. Chupa na mitungi ya dawa za kunyunyizia viazi, nyanya na maua haiingii katika benki ya taka. Wala haiingii jikoni. Mtungi wa dawa hauwezi kuoshwa ukafaa kwa maziwa au maji ya kunywa, hata ukitumia sabuni na majivu, hata ukinuka vizuri. Ukimaliza dawa, suuza mtungi mara tatu papo hapo shambani, maji ya kusuuza yamimine katika bomba la kunyunyizia, kisha utoboe usiweze kutumika tena, na umuulize muuza dawa au afisa wa kilimo unapopelekwa. Mtoto aliyekunywa au kumwagikiwa na dawa hiyo hutoka mate na jasho jingi, hutapika, mboni za macho husinyaa, hupumua kwa shida. Usimtapishe, usimpe maziwa. Mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi, mkimbize hospitali ukiwa na mtungi wenyewe ili daktari asome jina.

Sindano ni jambo jingine. Siku hizi wako wengi wanaojidunga dawa ya kisukari nyumbani. Sindano ikitupwa kwenye mfuko wa taka, itamchoma mzoaji, au mtoto wako anayepanga chupa. Sindano na wembe vitiwe katika chupa ngumu yenye kifuniko, kama ya dawa ya kuondoa madoa, iandikwe “sindano”, na ikijaa ipelekwe kituo cha afya. Ikitokea mtu amechomwa, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Asilikamue, asilinyonye. Aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi huanza kutolewa ndani ya saa 72, na kadiri anavyofika mapema ndivyo inavyosaidia. Ataulizwa pia kuhusu homa ya ini aina ya B na pepopunda. Afadhali kila mwanakikundi apate chanjo ya pepopunda kabla ya kuanza kazi kuliko baadaye.

Pampasi, vitambaa vyenye damu, na dawa zilizokwisha muda pia havipokelewi. Pampasi ni kinyesi cha binadamu, mama. Kinyesi cha mtoto hakina usafi zaidi ya cha mtu mzima. Kimwage chooni, kisha funga iliyobaki kwa mfuko wa mzoaji taka mwenye leseni.

Wanaotenga taka wavae glavu nene za mpira, gambuti na aproni inayobaki kituoni. Maji na sabuni viwe langoni. Mama anayenyonyesha aoshe mikono hadi viwiko na abadilishe leso kabla ya kumchukua mtoto. Mjamzito aandike daftari, asibebe magunia. Na mtoto wa shule asitumwe kuokota chupa mitaani kwa jina la benki. Kuleta chupa za nyumbani Jumamosi pamoja na mama ni sawa. Kuranda mitaroni saa za masomo si sawa, na mwandishi akataliwe kabisa kumfungulia mtoto kitabu cha peke yake.

Uwanja wenyewe uwe mbali na kisima na jikoni, uwe na paa, na sakafu iliyoinuka. Mzigo usikae zaidi ya mwezi. Gurudumu kuukuu linalokusanya maji huzaa mbu, na rundo la makatoni lisiloguswa huzaa panya, ambao mkojo wao huleta homa kali kwa anayeshika kwa mikono mitupu.

Na maganda ya jikoni je? Hayo ndiyo zaidi ya nusu ya taka zetu, na ndiyo yanayonuka. Sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 inamtaka kila mwenye nyumba kuyatenga na taka nyingine, kwa hiyo ndoo mbili si mapenzi ya muuguzi tu. Mwenye kuku au nguruwe anajua la kuyafanya. Aliyebaki na kipande cha ardhi atengeneze mboji: tabaka la maganda, tabaka la majani makavu au maranda, udongo kidogo, maji ya kunyunyiza. Kamata ukifinyange kiganjani. Likitoa tone moja mbili ni sawa, likichuruzika limelowa mno. Ndani lifuke joto la kukuchoma mkono, hilo ndilo linaloua vijidudu na mbegu za magugu. Lipindue kila baada ya wiki mbili, na baada ya miezi mitatu hivi litakuwa jeusi, linanukia kama udongo wa msituni. Litie kwenye gunia la sukuma wiki mlangoni pako.

Jambo la mwisho ni gumu kidogo. Wako watu, wengi wao akina mama, ambao wamekula kwa kuokota Gioto kwa miaka mingi. Wanazijua plastiki kwa kuzigusa tu, hii inayeyuka, hii haiuziki, kuliko mfunzaji yeyote kutoka ofisini. Benki ya mtaa ikianza kukusanya chupa safi kabla hazijafika kwao, inachukua mkate wao. Kwa hiyo mnapochagua wale 10, wawili watatu watoke kwao. Waje kama walimu wa kutenga, walipwe kwa siku za mafunzo kama mwalimu mwingine, na wawe na sauti katika kupanga bei kwa sababu wanawajua madalali wote na hila zao. Nimeona vikundi vikikataa kukaa nao benchi moja kwa sababu ya harufu ya nguo. Vikundi hivyo viliuza mzigo wao wa kwanza kwa nusu ya bei.

Ukiwa tayari kuanza, nenda ukamwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako pamoja na chifu, uulize ni kiwanja gani kinaweza kutumika Jumamosi moja. Siku hiyo msinunue kitu. Leteni gunia moja kila mtu, mwageni, tengeni, pimeni, andikeni, mfanye makosa yote mbele ya macho ya kila mtu, kisha kila mmoja arudi nyumbani na gunia lake. Jumamosi ya pili ndipo kitabu cha kwanza kifunguliwe.